Bendi ya Baa Morogoro: Kopi, Roki na Nyimbo Zetu Wenyewe (Shajara ya Mradi, 2025)

Jumapili, 2 Februari: Mtaji na vyombo

Tumekubaliana watu saba kuunda bendi ya kupiga kila Jumamosi katika baa moja iliyo karibu na Msamvu, hapa Morogoro, na mimi, mpiga besi, nimepewa kazi ya kuandika kila hatua ili kundi jingine litakalopita njia hii lisianzie kwenye makosa yetu. Tuna gitaa la solo, gitaa la rithim, besi, drams, tarumbeta, saksafoni ya alto na mwimbaji mmoja wa kike. Mpiga tarumbeta ndiye mkubwa wetu. Tunamwita Mzee kwa heshima, na pia kwa sababu ndiye pekee kati yetu aliyewahi kupokea mshahara wa mwezi kwa kupiga muziki, enzi ambazo mashirika ya umma yalimiliki bendi.

Mpango wetu ni kopi (nyimbo za wengine tunazozirudia) kumi na mbili za zilipendwa, kopi sita za roki ya miaka ya 1960 na 1970, na nyimbo zetu tatu. Kuhusu zilipendwa hakuna haja ya kujieleza katika mji huu wa Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, ambako mteja wa meza ya nyuma anaweza kukusahihisha solo kwa kuiimba kwa mdomo. Roki ndiyo iliyozua mjadala. Mpiga solo wetu alilelewa na kanda za baba yake na anaipiga vizuri kuliko kitu kingine chochote, na tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, baa hiyo imekuwa ikipata vijana wa mwisho wa wiki wanaoiomba. Mzee naye alitukumbusha kwamba roki si mgeni hapa nchini: Dar es Salaam ilikuwa na Sunburst mwanzoni mwa miaka ya 1970, na majirani zetu wa Zambia walikuwa na bendi za gitaa za kukwaruza wakati huohuo.

Kila mmoja ametoa Sh 120,000, jumla Sh 840,000. Miksa (mashine ya kuchanganya sauti) iliyotumika ya chaneli nane imegharimu Sh 380,000, maiki mbili Sh 90,000, nyaya na stendi Sh 110,000, na nyuzi za magitaa matatu Sh 120,000. Zimebaki Sh 140,000. Spika na amplifaya tutakodi kwa Sh 80,000 kwa usiku, kwa sababu kununua sasa kungetulazimisha kukopa kabla hatujajua kama kuna mtu atakayetusikiliza.

Jumamosi, 22 Machi: Mazoezi, na wiki tatu zilizopotelea kwenye ufunguo mmoja

Tumechagua kufanya mazoezi wakati wa Ramadhani, ambapo muziki wa baa hupungua na bendi nyingi kwa desturi hupumzika. Tunatumia ukumbi mdogo wa mtaa, Sh 10,000 kwa kila kikao, mara mbili kwa wiki baada ya futari.

Kosa letu kubwa lilikuwa kuamini sauti ya rekodi. Kopi tulizojifunzia zilitoka kwenye kanda za zamani zilizonakiliwa kutoka kanda nyingine, na baadaye kuingizwa kwenye simu. Kila kanda inaponakiliwa kwa mashine inayozunguka haraka au polepole kidogo kuliko inavyopaswa, wimbo mzima hupanda au kushuka, na kwa hiyo nyimbo nne kati ya zile kumi na mbili zilikuwa zimekaa katikati ya E flati na E, mahali ambapo hakuna gitaa lililofungwa sawasawa linaloweza kuzifuata. Wapiga magitaa walibishana vikao viwili vizima, kila mmoja akimshutumu mwenzake kwamba gitaa lake limelegea. Programu ya kubadilisha sauti ya wimbo bila kubadilisha mwendo wake ilimaliza ubishi kwa dakika tano, na ilikuwa ya bure.

Hapo tukaangukia kosa la pili, lililokuwa la makusudi. Magitaa yalichagua ufunguo wa E, yaani wimbo ujengwe juu ya noti ya E, kwa kuwa nyuzi mbili za wazi zinalia E na roki karibu yote ya mpiga solo wetu imejengwa juu yake. Mwimbaji akalalamika kwamba noti za juu zinamkwaruza koo. Tukamwambia azoee. Mzee alikaa kimya siku mbili, kisha akaleta karatasi na kutuonyesha tulichokuwa tumewafanyia wao wa upepo, ambao ala zao huandikiwa noti tofauti na inayosikika: gitaa linapopiga E, tarumbeta ya B flati inasoma F shapu yenye shapu sita, na saksafoni ya alto inasoma C shapu yenye shapu saba. "Wanangu," alisema, "ninyi mnapiga nyuzi za wazi, mimi na huyu binti wa saksafoni tunapanda Uluguru kwa magoti."

Suluhisho lilikuwa kulegeza nyuzi zote za magitaa nusu toni. Vidole vya wapiga gitaa vinabaki palepale vilipozoea, lakini kinachosikika ni E flati, ambapo tarumbeta inasoma F yenye flati moja na alto inasoma C isiyo na alama hata moja. Mwimbaji naye akapata nafuu ya nusu toni bila kubembeleza mtu. Gharama yake ni kwamba nyuzi nyembamba tulizonunua zilikuwa laini mno baada ya kulegezwa na zilianza kugonga shingo ya gitaa, kwa hiyo tumenunua seti mbili nene zaidi, za namba 11 badala ya namba 9, Sh 50,000 ambazo hazikuwa kwenye bajeti. Anayetaka kutuiga aamue ufunguo kwanza, na nyuzi azinunue baadaye.

Jumamosi, 5 Aprili: Usiku wa kwanza

Jukwaa letu ni kona ya saruji chini ya paa la bati, pande mbili zikiwa wazi. Tulifika saa kumi jioni. Tukapanga spika nyuma yetu ili nasi tujisikie, jambo lililoonekana la busara kabisa hadi mwimbaji aliposogelea maiki. Sauti iliyotoka kwenye spika iliingia kwenye maiki, ikarudi kwenye spika, ikazunguka hivyo hadi ikawa filimbi moja kali iliyowafanya wahudumu wazibe masikio. Tulipiga saa tatu tukiwa tumepunguza sauti ya mwimbaji kiasi kwamba waliokaa mbali walidhani ni bendi ya ala tupu.

Jambo la pili lilikuwa la hatari. Mpiga rithim huitikia kiitikio, na alipoweka midomo kwenye maiki huku vidole vikiwa kwenye nyuzi alipigwa na umeme, si kwa nguvu ya kumwangusha, lakini kiasi cha kumfanya aruke na kukataa kurudi kwenye maiki usiku kucha. Amplifaya ya gitaa ilikuwa kwenye soketi ya ukuta mmoja na miksa kwenye soketi ya ukuta mwingine. Tulifunga leso kwenye maiki tukaendelea, nami naandika hili waziwazi kwamba tulifanya vibaya, kwa sababu tulitakiwa kuzima kila kitu.

Baa ilitulipa Sh 250,000. Tuliondoa Sh 80,000 za spika, Sh 30,000 za usafiri na Sh 20,000 za chakula, kila mmoja akapata Sh 17,000, na Sh 1,000 ikabaki mfukoni mwa bendi.

Jumamosi, 19 Aprili: Umeme na filimbi

Fundi umeme amegundua kwamba soketi za baa, ingawa zina matundu matatu, hazikuwa na waya wa ethi unaofika ardhini. Tundu la tatu lilikuwa la urembo. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya mshtuko, na pia ya mngurumo mzito wa hezi 50 tuliokuwa tukiusikia wimbo ukinyamaza. Amechimbia fimbo ya shaba nyuma ya jiko, amevuta waya hadi kona ya jukwaa, na ameweka swichi inayokata umeme mara unapovuja kwa miliampea 30. Gharama yote ni Sh 140,000, ambayo mwenye baa, mama mmoja asiyetabasamu mbele ya risiti, amekubali kuilipa nusu kwa nusu. Sasa vyombo vyote vinakula umeme kutoka soketi moja, kwa waya mmoja wa kurefusha wenye ethi. Jamaa mmoja alitushauri tukate pini ya ethi kwenye plagi ya amplifaya ili mngurumo upungue. Mngurumo hupungua kweli, ila pamoja nao huondoka kinga ya aliyeshika gitaa, na hakuna wimbo unaostahili hilo.

Filimbi ilihitaji marekebisho matatu. Spika zimesogezwa mbele ya mstari wa maiki kwa karibu mita moja na nusu na kupandishwa juu ya vichwa vya wachezaji, kwa kuwa spika iliyokaa chini humezwa na watu wa safu ya kwanza na kuwalazimisha waliokaa nyuma kuomba sauti zaidi. Spika moja ndogo imewekwa sakafuni mbele ya mwimbaji, ikitazama mgongo wa maiki, upande ambao maiki zetu hazisikii vizuri. Halafu tukamwomba mwimbaji aache kufumbata kichwa cha maiki kwa kiganja, mtindo unaopendeza kwenye video lakini unaoifanya maiki isikie kutoka pande zote. Filimbi iliyobaki tuliitafuta kwenye miksa, tukaikuta karibu na hezi 2,500, tukaishusha desibeli sita. Kinga ya bati dhidi ya mvua ya masika hatujaipata. Mvua ikinyesha tunasimama, kwa sababu hakuna spika ya kukodi inayoshindana na bati la Morogoro mwezi wa Aprili.

Jumamosi, 10 Mei: Roki inameza bendi

Mpiga solo amenunua pedali ya distosheni (ya kukwaruza sauti ya gitaa) iliyotumika, Sh 65,000 kutoka mfukoni mwake, na kwa wiki mbili tulijuta kumruhusu. Katika roki yake, kodi mbili (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za kukwaruza zinajaza chumba chote, na hilo ni sawa kwa bendi ya watu wanne. Sisi tupo saba. Mpiga rithim alikuwa akipiga kodi zilezile mahali palepale pa shingo, besi ikawa chini yao, na upepo ukabaki bila nafasi ya kuingia. Tulirekodi kwa simu na kusikiliza kesho yake: ilikuwa kama lori linalopanda mlima kwa gia ya kwanza.

Dawa ilitoka kwenye zilipendwa zenyewe. Bendi za dansi za zamani zilikuwa na magitaa mawili au matatu bila kugongana, kwa kuwa kila gitaa lilikaa ghorofa yake: moja chini, jingine katikati, solo juu. Tumemwekea mpiga rithim kapo, kibanio cha nyuzi, kwenye nafasi ya tano ya shingo, anapiga noti mojamoja kwa sauti safi, hata kwenye roki. Vile vipande ambavyo rekodi za asili zilivipa gitaa la pili tumewapa tarumbeta na saksafoni. Matokeo si kopi halisi, na shabiki mmoja wa roki alituambia kwa huzuni kwamba tumeharibu. Sisi tunaona ndiyo mara ya kwanza roki yetu kufanana na bendi yetu.

Kosa dogo linalofaa kutajwa ni pedali kusahauliwa ikiwa wazi roki inapoisha na zilipendwa kuanza. Wazee wawili waliokuwa wameinuka kucheza walirudi kuketi kabla ya kipimo cha nne cha wimbo. Sasa roki zinapigwa katika mafungu mawili ya nyimbo tatu, fungu la kwanza karibu saa nne usiku na la pili kuelekea mwisho, na mpiga drams ndiye anayemkumbusha mwenzake kwa kugonga ukingo wa drams mara mbili.

Jumamosi, 14 Juni: Nyimbo zetu zinaondoa watu

Tulikwisha jisajili BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na kusajili nyimbo zetu tatu COSOTA (ofisi ya hakimiliki), kwa hiyo tulijiona tayari. Wimbo wa kwanza unamhusu dalali wa vyumba anayetaka kodi ya miezi sita, fedha yake ya mwezi mmoja, na nauli ya kukupeleka kuona chumba ambacho tayari kina mtu. Mashairi tuliyapenda. Mwimbaji alisimama akatangaza kwa furaha kwamba sasa mtasikia utunzi wetu mpya.

Nilihesabu. Kabla ya tangazo walikuwa watu ishirini na wawili wakicheza. Dakika ya pili ya wimbo walikuwa watano, na wawili kati yao walikuwa wakimsubiri muuza mishkaki ageuze nyama. Tulijaribu Jumamosi tatu mfululizo, tukibadilisha maneno na kuongeza beti, tukidhani tatizo ni mashairi. Kila mara matokeo yalikuwa yaleyale. Mwenye baa alinivuta pembeni na kuniambia, "Kaka, nyimbo zenu nzuri, lakini bia hazitoki." Kwa mujibu wa makubaliano yetu angeweza kutukataza kuzipiga, naye akatupa mwezi mmoja.

Jumamosi, 12 Julai: Marekebisho ya wimbo wa dalali

Safari hii hatukugusa mashairi. Tulisikiliza rekodi za simu za Jumamosi zote tatu na kuangalia kilichotokea nje ya wimbo.

La kwanza lilikuwa tangazo lenyewe. Mtu anayecheza akiambiwa kwamba kinachofuata ni kitu asichokijua, hupata ruhusa ya kwenda msalani. Sasa hatutangazi. Jina la wimbo linatajwa baada ya kumalizika, na tu kama kuna watu waliobaki mbele.

La pili lilikuwa pengo. Kati ya kopi na wimbo wetu tulikuwa tunapumzika karibu sekunde arobaini, mpiga solo akirekebisha pedali, mwimbaji akinywa maji. Tumeupanga wimbo wa dalali nyuma ya zilipendwa moja ya ufunguo uleule na mwendo uleule, mapigo 120 kwa dakika, na mpiga drams haachi kupiga. Anashika haihati, zile sahani mbili za drams, na besi inaingia juu yake. Wachezaji wanakuta wamekwisha vuka. Hili lilihitaji kazi zaidi ya tulivyotarajia, kwa sababu mpiga drams wetu hukimbia akifurahi: tulipompima alikuwa anaanza 118 na kumaliza 132. Amewekewa simu inayowaka mwanga kwa kila pigo, imefungwa kwa gundi ya karatasi kwenye stendi, na ameichukia kwa moyo wote, ila sasa anamaliza 122.

La tatu ndilo lililotugusa kama watunzi. Wimbo ulianza na sehemu ya polepole ya dakika nne, yenye hadithi nzima ya dalali, kabla ya kufika kwenye chemko, sehemu ya haraka ya kucheza. Mzee alisema bendi alizopitia zilifanya hivyo pia, lakini watu wao walikuwa wameusikia wimbo redioni mwezi mzima kabla hawajaukuta ukumbini. Hadithi walikwisha ijua, walikuja kuicheza. Sisi hatuna redio. Tumegeuza: kiitikio kinatangulia, mistari miwili tu ambayo mlevi wa wastani anaweza kuishika mara ya pili, kisha ubeti mmoja, kisha chemko kwenye dakika ya tatu, na ubeti uliobaki unaimbwa ndani ya chemko. Tumekata beti mbili nilizozipenda kuliko zote, ukiwemo ule wa godoro, na bado zinaniuma.

Usiku huu nilihesabu tena: kumi na tisa kabla, kumi na sita katikati, ishirini na wanne kwenye chemko.

Ijumaa, 8 Agosti: Nanenane

Mji umejaa kwa wiki nzima kwa ajili ya maonyesho ya wakulima ya Kanda ya Mashariki, na tumepiga usiku nne badala ya mmoja kwa Sh 300,000 kila usiku. Koo la mwimbaji halikuhimili. Usiku wa tatu alibaki na nusu ya sauti, na ilitubidi kurefusha sehemu za ala na kumpa Mzee nafasi ya kuongoza nyimbo tano kwa tarumbeta. Tungejua, tungetafuta mwimbaji wa pili mapema, tumeshaanza kumtafuta. Fedha za wiki hii zimelipia spika mbili zetu wenyewe zilizotumika, Sh 900,000, na kuanzia sasa Sh 80,000 za kukodi kila Jumamosi zinabaki kwetu. Tulizikagua spika hizo kwa saa mbili kwa sauti kubwa kabla ya kutoa fedha, na jozi ya kwanza tuliyoletewa tuliikataa kwa kuwa besi yake ilikuwa inapasuka.

Mwenyekiti wa mtaa alipita usiku wa nne kuhusu kelele. Tumekubaliana kugeuza spika moja iliyokuwa ikitazama nyumba za jirani, na besi kushushwa baada ya saa tano.

Jumamosi, 6 Septemba: Hali ilivyo

Wimbo wa pili na wa tatu umepitishwa kwenye marekebisho yaleyale. Wa pili umekaa. Wa tatu bado unaondoa watu, nasi tunashuku kwamba ni mbaya tu, bila kosa la kiufundi la kulitafuta. Roki mbili zimeondolewa kwenye orodha kwa kukosa wachezaji na nafasi zake zimechukuliwa na zilipendwa. Valvu ya pili ya tarumbeta inakwama kwenye unyevu, na fundi wa Dar es Salaam anataka Sh 45,000.

Usiku wa leo, baada ya fungu la roki la mwisho, mteja mmoja mwenye umri wa makamo alikuja jukwaani na noti ya Sh 5,000, akamwomba Mzee ampigie ule wa zamani wa dalali. Mwimbaji alitaka kumweleza kwamba ni utunzi wetu wa mwaka huu. Mteja akakataa kata kata: ni wimbo wa zamani, anaujua, bendi moja ya Tabora iliupiga kwenye harusi ya shangazi yake alipokuwa mtoto, na sisi tumeukopi vizuri ila tumeacha ubeti mmoja. Mzee alimwangalia, akaipokea noti kwa mikono miwili, akamwambia, "Ni kweli, mwanangu, ubeti wa godoro," kisha akageuka na kumpa mpiga drams ishara ya kuanza.